Mama, Umechungulia Kinywani mwa Mwanao?

Kwa kumtunza mtoto hatujambo. Ataogeshwa, atakatwa kucha, atapakwa mafuta mpaka miguu ing'ae, na Jumapili asubuhi atavishwa soksi nyeupe. Lakini mwulize mama huyo huyo mwanawe ana meno mangapi, na ni lipi limeanza kuingia doa, na mara nyingi atasita. Kinywa cha mtoto hatukichungulii mpaka usiku ule atakapoamka akilia huku ameshika shavu. Hapo ndipo twatafuta karafuu gizani, twatafuta panado, na kesho yake twaenda kung'oa.

Mwezi huu tumeona vema tukae kidogo na jambo hili. Katika mikutano ya akina mama maswali huwa ni yale yale. Mbona meno ya mwanangu yameoza naye hajafika miaka minne? Ya nini kupiga mswaki meno ya utoto na hali yatang'oka yenyewe? Na haya yanayoitwa meno ya plastiki, ni ugonjwa kweli au ni maneno tu? Tutaanza na hili la mwisho, maana ndilo linaloua.

YANAYOITWA MENO YA PLASTIKI

Mtoto wa miezi mitano, sita au minane anapata homa. Anaharisha, anatapika, anakataa ziwa, anatafuna vidole na udenda unamtoka. Bibi au jirani anamfungua kinywa, anapapasa ufizi, na kuona kivimbe cheupecheupe upande huu na kingine upande wa pili. "Ndiyo yenyewe," atasema. "Meno ya plastiki. Yasipotolewa huyu mtoto hamnaye." Kwetu Tanzania jina hilo lilianza kuvuma miaka ya 1980, na wengine husema meno ya nailoni. Uganda, Kenya, Sudan na Ethiopia wanayo majina yao, lakini jambo ni hilo hilo. Basi mtoto hupelekwa kwa fundi, naye huchokonoa ufizi kwa kisu, kwa spoki ya baiskeli iliyonolewa, au hata kwa kucha, na kutoa kitu kidogo, cheupe, laini. Humwonyesha mama: tazama plastiki yenyewe hii hapa.

Mama, kile kitu cheupe ni jino. Ni jino chonge la mwanao, ambalo bado halijakomaa kuwa gumu. Chonge za utoto huota mtoto akiwa na miezi 16 hadi 22 hivi. Kwa hiyo katika mwezi wa sita jino hilo limo ndani ya ufizi likingoja zamu yake, na ufizi umeinuka kidogo juu yake. Chungulia kinywa cha mtoto mwenye afya tele wa umri huo, utavikuta vivimbe hivyo hivyo. Ndiyo sababu fundi hakosei hata siku moja: kila mtoto anayeletwa kwake anavyo.

Utauliza, mbona watoto wengine hupona baada ya kutolewa? Hupona kwa sababu kuhara kwingi kwa watoto huisha kwenyewe baada ya siku kadhaa, yatolewe meno au yasitolewe. Aliyepona husimuliwa kijiji kizima, na fundi hupata sifa. Asiyepona husemwa kwamba alicheleweshwa.

Madhara yake tunaomba yasemwe wazi, hata kama yanatisha. Ufizi unaochokonolewa huvuja damu, na mtoto mchanga hana damu ya kupoteza, hasa ikiwa malaria imekwisha kumpunguzia. Chuma kichafu huingiza pepopunda na vijidudu vya kuoza damu, na kama kimetoka kinywani mwa mtoto mwingine kinaweza kuleta virusi vya UKIMWI au vya homa ya ini. Tena karibu kabisa na jino hilo la utoto limelala chipukizi la jino la ukubwani. Spoki haina macho. Madaktari wa meno hukutana na watoto wakubwa ambao chonge zao hazikuota kamwe, au zimeota zikiwa mbovu na kupinda, na wakiuliza historia huambiwa kwamba mtoto alitolewa plastiki akiwa mchanga.

Hata hivyo, linalotuumiza zaidi ni muda unaopotea. Mtoto yule alikuwa na malaria, au nimonia, au kuhara kunakokausha mwili, naye amepelekwa kwa fundi siku ambayo ingempasa kufika zahanati. Wazazi hurudi nyumbani wametulia, wakiamini kwamba ugonjwa umetolewa. Baada ya siku mbili ndipo hushtuka, na pengine ni kuchelewa.

Basi mtoto akiharisha, mpe maji ya chumvichumvi yaliyochanganywa kama pakiti inavyoelekeza, uendelee kumnyonyesha bila kumkatiza, na umfikishe kituoni ambako atapewa pia vidonge vya zinki. Akiwa na homa, apimwe malaria. Ukiona hanyonyi, utosi au macho vimebonyea, anapumua harakaharaka, analegea au ameshikwa na degedege, usingoje mtu wa kukusindikiza.

Na kuota meno kwenyewe kuna taabu gani? Kuna udenda, ufizi kuwasha, mtoto kuwa mlizi na kuamka usiku, na pengine joto kupanda kidogo sana. Homa kali si ya meno, wala kuharisha si kwa meno. Mambo haya hukutana tu njiani. Mtoto wa miezi sita ile kinga aliyopewa na mama yake tumboni imekuwa ikipungua, ameanza uji na maji ya kikombe, naye amejifunza kukaa na kutambaa na kila akionacho chini hukitia kinywani. Wakati huo huo jino la kwanza linachomoza mbele chini. Mzigo wote hubebeshwa jino. Mtoto anayewashwa ufizi mpe kitambaa safi kilicholowekwa katika maji baridi akitafune, au msugue ufizi kwa kidole ulichonawa kwa sabuni.

Tunajua ugumu uko wapi. Ushauri wa kwenda kwa fundi hauji kwa mtu baki, huja kwa mama mkwe au kwa mama yako mzazi, nao hutolewa kwa upendo. Wazee hawa wamepata kuzika watoto, na hatupendi kusikia wakiitwa wajinga. Mama mmoja tunayemfahamu alifanya hivi: alizungumza kwanza na bwana wake faraghani, akiwa mjamzito bado, wakakubaliana kwamba mtoto wao hataguswa ufizi. Kisha, mtoto alipougua, hakubishana na mkwewe. Alimwambia, "Mama, twende wote kliniki ukamsikilize mganga." Mama mkwe alikwenda, akamwonyesha mganga kile kivimbe, akaelezwa kwa heshima. Sasa ni yeye anayewaeleza wengine. Si kila mama mkwe atakuwa hivyo, lakini kumshirikisha mapema kunafaa kuliko kumficha.

Na tukiwa hapo hapo kwenye imani za meno: lugha yetu ina neno kigego, yaani mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu. Zamani katika makabila mengi alihesabiwa kuwa mkosi, na wengine hawakuachwa waishi. Siku hizi hayo yamepungua mno, lakini bado tunasikia mama akinong'onewa na majirani. Meno ya juu kutangulia si kitu. Hutokea tu, kama vile mtoto mmoja hutembea na miezi kumi na mwingine na miezi kumi na mitano.

"YATANG'OKA TU"

Meno ya utoto ni 20. Huanza kuota karibu na mwezi wa sita na kwa kawaida humalizika mtoto anapokaribia miaka mitatu. Huanza kung'oka akiwa na miaka sita hivi, na ya mwisho humtoka anapofikia miaka kumi na miwili. Hebu hesabu, mama. Magego ya utoto hukaa kinywani karibu miaka kumi. Ni nani mwenye kitu kinachofanya kazi miaka kumi akasema hakina haja ya kutunzwa?

Jino la utoto lililotoboka huuma kama jino lingine lolote. Mtoto mdogo hawezi kukueleza kwamba ni gego la chini kushoto. Yeye huanza tu kukataa nyama na mahindi, hutafuna upande mmoja, huamka usiku, uzito kwenye kadi ya kliniki unasimama. Usaha ukijikusanya chini ya mzizi huweza kudhuru jino la ukubwani linalojengwa pale chini. Na gego la utoto likitolewa kabla ya wakati wake, majirani zake husogea na kuziba nafasi, na mgeni anapokuja hukuta kiti kimekaliwa. Ndiyo maana huota la juu ya mwenzake, limekaa upande.

Sasa tunaomba msomaji asimame hapa kidogo, maana wengi wetu hapa ndipo tunapopotea. Mtoto anapofikia miaka sita huota magego manne makubwa, moja kila pembe, NYUMA ya magego ya utoto. Hayachukui nafasi ya jino lililong'oka. Hakuna kibogoyo, hakuna damu, hakuna jino la kurusha juu ya paa, basi hakuna anayejua kwamba yameingia. Mama huyaona baadaye, yakiwa na tundu jeusi, na kusema, "Haya ni ya utoto, acha yaoze, yataota mengine." Hayataota mengine. Hayo ni ya maisha. Ni meno ya ukubwani ya kwanza katika kinywa cha mtu, na kwa kuwa yana mifereji mirefu juu yake ambamo chakula hunasa, huoza kwa urahisi sana katika miaka ile miwili mitatu ya mwanzo.

Kwa hiyo mtoto wako akiingia darasa la kwanza, mfungue kinywa nje penye mwanga. Hesabu kutoka katikati ya meno ya mbele kwenda nyuma: la kwanza, la pili, chonge la tatu, gego la nne, la tano. Ukikuta la sita, ndilo hilo. Tangu siku hiyo mswaki ufike mpaka kule. Mahali penye huduma, daktari wa meno anaweza kuifunika mifereji hiyo kwa dawa maalumu isiyouma wala kuhitaji sindano. Ulizia.

SUKARI, NA HASA SUKARI YA USIKU

Meno huoza namna gani? Katika kila kinywa kuna vijidudu vinavyojitandaza juu ya meno kama utando. Vinapopata sukari huigeuza kuwa asidi, na asidi hiyo hula gamba gumu la nje ya jino kwa muda wa nusu saa hivi. Kisha mate huja kutengeneza kilichobomolewa. Mtoto akila kitu kitamu mara moja, na pamoja na chakula, mate hupata nafasi ya kufanya kazi yao. Akilamba pipi saa tatu, akanywa soda saa nne, akatafuna biskuti saa tano na kunyonya barafu ya rangi saa sita, mate hayapati nafasi kabisa. Kwa hiyo, pamoja na wingi wa sukari, kuna swali la mara ngapi. Mama asiyeweza kumnyima mtoto pipi kabisa, ampe baada ya chakula, ziishe, akanywe maji.

Soda moja ya chupa ya mililita 300 huwa na sukari yapata vijiko vinane vya chai. Hakuna mama ambaye angekoroga vijiko vinane katika kikombe cha mtoto mbele ya mgeni. Lakini soda tunampa kama zawadi ya kuwa mtulivu kanisani! Na juisi za pakiti zisitudanganye kwa picha ya embe. Embe lenyewe, papai, chungwa na ndizi ni afadhali mara nyingi. Muwa nao ni sukari, hata kama umetoka shambani kwa babu.

Lakini adui mkubwa wa meno ya mtoto mdogo ni chupa ya usiku. Mtoto hulazwa na chupa ya chai ya maziwa yenye sukari, au juisi, au uji mtamu, akainyonya akisinzia. Usingizini mate hupungua sana, na kinywaji hubaki kimezunguka meno ya mbele ya juu usiku kucha. Mara ya kwanza utaona mstari mweupe kama chokaa karibu na ufizi. Wengi hawaujali. Baadaye mstari huwa wa kahawia, kisha meno humeguka mpaka vikabaki visiki vyeusi, naye mtoto bado hajafika miaka mitatu. Ule mstari mweupe ndio wakati wa kushtuka, kwa sababu katika hatua ile ukiacha chupa na kupiga mswaki wenye dawa ya floridi, uharibifu unaweza kusimama.

Tusieleweke vibaya kuhusu ziwa la mama. Nyonyesha bila kitu kingine miezi sita, na endelea mpaka miaka miwili au zaidi. Ila mtoto aliyekwisha kupita mwaka na mwenye meno kadhaa, asilale na ziwa kinywani usiku kucha, na meno yake yasafishwe kabla ya kulala. Akitaka chupa ya usiku, iwe ya maji. Atalia siku tatu au nne. Akina mama waliojaribu wametuambia usiku wa pili ndio mbaya zaidi. Baba naye aamke siku hiyo.

Kuna sukari nyingine isiyofikiriwa, nayo ni dawa ya maji. Dawa nyingi za kikohozi na za vidudu za watoto zimetiwa utamu ili zinyweke. Ikiwa si lazima ziwe wakati fulani, mpe kabla ya mswaki wa jioni, isiwe baada yake. Na kichuchu cha mpira kisichovywe katika asali wala sukari. Asali isitumike kabisa kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, kwa sababu nyingine tena ya hatari isiyohusu meno.

MSWAKI UKO MKONONI MWA NANI?

Kabla ya jino la kwanza, pangusa fizi za mtoto kwa kitambaa safi chenye unyevu. Jino la kwanza likitokeza, mswaki uanze: mdogo, laini, wake peke yake. Mtoto wa chini ya miaka mitatu apakiwe dawa ya meno kidogo sana, kama punje ya mchele. Wa miaka mitatu hadi sita, kama punje ya njegere. Yale matangazo yanayoonyesha dawa imejaa mswaki mzima ni ya kuuza dawa. Chagua yenye floridi, isiyopungua 1,000 kwa kipimo kinachoandikwa ppm kwenye tyubu. Afundishwe kutema, na akishatema hana haja ya kusukutua kwa maji mengi, ili floridi ibaki ikifanya kazi.

Ni mara mbili kwa siku, na kama ni lazima kuchagua, ule wa usiku ndio usikose. Katika nyumba nyingi tunapiga mswaki asubuhi tu, kabla ya chai. Kinywa kinasafishwa ili kiende kuchafuliwa, kisha kinaachwa hivyo mpaka kesho.

Mtoto hawezi kupiga mswaki mwenyewe sawasawa mpaka afike miaka saba au minane. Mikono yake haijapata ufundi, kama isivyoweza kufunga kamba za viatu. Mwache ajaribu, msifu, kisha maliza wewe. Mdogo mlaze kichwa mapajani pako mkiwa mnatazama upande mmoja, uinue mdomo wake wa juu kwa kidole. Mkubwa kidogo simama nyuma yake. Dakika mbili zinatosha. Dada wa kazi au dada mkubwa afundishwe pia, maana mara nyingi ndiye anayewalaza watoto tunapokuwa tumechelewa kazini au sokoni.

Na mswaki wa mti? Neno mswaki lenyewe ni jina la mti, na mababu zetu hawakuwa vibogoyo. Kijiti cha mswaki kikitafunwa ncha mpaka kiwe brashi, kikapitishwa kila jino nje na ndani, husafisha vizuri. Tatizo ni kwa watoto: kijiti ni kigumu kwa ufizi wao, hakifiki magego ya nyuma kwa urahisi, na hakina ile floridi ya dawa. Mtoto wa shule anaweza kukitumia mchana. Mkaa, mchanga na majivu viachwe, kwa sababu hukwaruza gamba la jino, na likikwisha kukwaruzwa halirudi.

MENO YA RANGI YA KAHAWIA

Wasomaji wetu wa Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida, na wa Nakuru na Naivasha kule Kenya, wanangoja tuseme jambo hili. Katika Bonde la Ufa na kando ya milima iliyopata kutoa moto, maji ya visima, chemchemi na mito mingi yana floridi nyingi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na sehemu nyingine chini ya Mlima Meru, kama kule Maji ya Chai, kiasi hicho hupitwa mara nyingi. Floridi kidogo huimarisha jino. Ikizidi wakati meno yanajengwa, huyaharibu rangi: kwanza mawingu meupe, kisha madoa ya kahawia, na ikizidi sana jino humomonyoka.

Neno la kwanza kwa akina mama wa huko: msimgombeze mtoto. Madoa hayo hayakuja kwa uchafu wala hayatoki kwa mswaki. Kuna wasichana wanaoficha kinywa kwa kiganja kila wanapocheka, na wanaofika mjini kusoma na kuitwa wavivu wa mswaki na wenzao. Wanasugua kwa mchanga mpaka fizi zinatoka damu. Mtoto aelezwe mapema kwamba ni maji, na kwamba hakukosa lolote.

Meno ya ukubwani hujengwa ndani ya taya tangu kuzaliwa hadi miaka minane hivi, na kwa meno ya mbele miaka mitatu ya mwanzo ndiyo yenye hatari zaidi. Kwa hiyo kama maji salama nyumbani ni machache, yawe ya watoto wadogo kwanza: ya kunywa, ya uji, ya kupikia. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi floridi. Maji yakipungua kwa kuchemka sana, floridi yake huwa kali zaidi. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi huwa na floridi kidogo sana, basi tangi la mvua katika nyumba yenye watoto ni jambo la kuzungumza na baba kabla ya kununua kochi. Magadi nayo tunayotia kwenye maharage na makande yaive upesi huweza kuwa na floridi nyingi. Chakula cha mtoto mdogo kipikwe bila magadi, hata kama maharage yatachelewa. Ziko pia chujio za mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambayo hunasa floridi. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha, kimefanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na kule Nakuru Jimbo Katoliki liliifanya pia. Mkaa wake hufika mahali ukachoka na kuhitaji kubadilishwa, jambo ambalo watu husahau.

Rangi ya meno huharibiwa pia na dawa ya tetrasaiklini. Mama mjamzito asiimeze, wala asipewe mtoto wa chini ya miaka minane pasipo amri ya daktari, maana huacha rangi ya kijivu au ya njano ndani ya jino lenyewe. Usinunue dawa dukani kwa kutajiwa na jirani.

JINO LIKIUMA, NA JINO LIKITOLEWA NA MPIRA

Jino likianza kuuma, sukutua kinywa cha mtoto kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, toa chakula kilichonasa, mpe panado kwa kipimo cha umri wake, na umwone daktari wa meno hata kama asubuhi ameamka hana maumivu. Maumivu kukoma ghafla si kupona, mara nyingi ni kwamba kiini cha jino kimekufa. Usibandike aspirini kwenye ufizi, huunguza. Usitie petroli wala maji ya betri katika tundu, kama tulivyosikia wengine wakifanya. Shavu likivimba pamoja na homa, au kinywa kisifunguke vizuri, au mtoto ashindwe kumeza, hiyo ni safari ya siku hiyo hiyo. Na tafadhali tusiwatishie watoto kwa kusema, "Ukikataa kula nitakupeleka kwa daktari wa meno akuchome sindano." Siku atakapohitajika kufungua kinywa, hatafungua. Ampeleke mama mara ya kwanza akiwa hana shida yoyote, karibu na mwaka mmoja, aangaliwe tu na kurudi.

Watoto wa shule huanguka, hugongana, hupigwa na mpira. Jino la ukubwani likitoka zima, linaweza kurudishwa likashika, lakini muda ni mfupi, nusu saa ikiwezekana, au saa moja. Liokote kwa kushika upande wa kutafunia, usiguse mzizi. Likiwa na mchanga lisuuze kidogo kwa maziwa au maji safi, usilisugue wala usilifute. Kama mtoto ni mkubwa na mtulivu, lirudishe palepale tunduni kwa mkono mwepesi na aume kitambaa safi. Kama huwezi, litie katika kikombe cha maziwa baridi, uende nalo hospitali na mtoto. Lisifungwe katika karatasi likauke.

Jino la utoto likitolewa hivyo halirudishwi, maana ukilisukuma ndani waweza kuliumiza la ukubwani lililo chini yake. Mtoto aangaliwe kinywa na mganga, na jino lenyewe mwachie akalirushe juu ya paa.